Amiba wa Silanga ya Koko

Hapa Kitengela, tumbo likiuma ni amiba. Hakuna kuuliza. Fundi wa mageti akila chapati ya juzi akashikwa na msokoto, ni amiba. Mama mboga akizidiwa na jua akatapika, amiba. Hata msichana akiachwa na mchumba wake akakosa kula, shangazi atamletea kwanza vidonge vya amiba, halafu ndio amwambie pole. Mimi mwenyewe nilikua nikijua amiba ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Ungeniambia ni kiumbe kinachotembea, chenye shughuli zake, ningeona wewe ndiwe unayehitaji daktari.

Nilikuja kujua nikiwa na ufagio mkononi. Tangu nimalize shule nafanya kazi kwa kliniki moja ndogo nyuma ya maduka ya mbao. Nafagia, napiga deki, naosha vioo vya maabara. Cheti changu cha kidato cha nne kiko salama chini ya godoro la mama. Alama zangu zilianza safari ya kwenda chuo, zikachoka njiani. Sijawahi kulia juu ya hilo. Nikiwa mtoto nilitaka kuwa rubani, halafu mkimbiaji, halafu yule mtu wa kutangaza hali ya hewa. Ndoto sijakosa. Nimekosa tu uwanja wa kuzitua.

Anayeshika maabara ni dada mmoja ambaye watu wake walitoka Garissa. Anavaa koti jeupe juu ya buibui, na mfukoni hakosi iliki ya kutafuna. Ananiita walaal, ambayo kwa lugha yao ni ndugu, hata akiwa ananigombeza. Siku hiyo alikuwa amesafisha lenzi za hadubini na anataka kuzijaribu. Akachovya kijiti kwa mkebe wa maua ulioko dirishani, ule ambao mimi ndiye wa kubadilisha maji yake na nilikuwa nimeacha mpaka yakafanya utelezi wa kijani. Akaweka tone kwa kioo, akatazama, akacheka peke yake. Kisha akaniita nije nione wapangaji wangu.

Kitu cha kwanza niliona ni kope zangu mwenyewe. Baadaye macho yakatulia, nikaona kama tone la uji lililomwagika mezani, lakini tone ambalo limeamua kwenda mahali. Halikuwa na kichwa wala mkia. Upande mmoja lilijisukuma likatoa kitu kama kidole, mwili wote ukamiminika ndani ya kile kidole, na kidole kikawa ndio mwili. Halafu kingine tena. Ndani yake chembechembe zilikuwa zinakimbia kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Na kulikuwa na kiputo kimoja kisafi, kinajaa polepole, kinakaza, kinatoweka, kinaanza tena kujaa. Dada akaniambia hiyo ndiyo pampu yake. Anayeishi kwa maji matamu huingiwa na maji kila wakati kupitia ngozi, na asipoyatoa atapasuka. Kwa hivyo maisha yake yote ni kupiga maji nje. Nilisimama pale nikamwonea huruma. Kisha nikaona huruma yangu haihitaji, ana haraka.

Nikauliza kama anaua watu.

"Huyu?" dada akasema. "Huyu anakula bakteria na mwani. Walaal, hata hajui wewe uko."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniharibu. Kliniki ilipopata hadubini mpya ya umeme, ile kuukuu, ambayo inatumia kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua, ikawekwa kabatini. Nikaiomba. Mwenye kliniki akasema nichukue kabla haijaota kutu. Nikaifunga kwa shuka, nikaitia kwa begi la mgongoni, na wikendi nikaenda nayo nyumbani kama mtu anayepeleka mchumba.

Nyumbani ni upande wa Kajiado. Unapita Isinya, unaacha lami, unaenda mpaka nyaya za ploti za watu zianze kupungua. Hapo koko, mama ya baba yangu, ana boma lake, na mbele ya boma kuna silanga, shimo pana ambalo babu alichimba zamani kukinga maji ya mvua. Mvua ikinyesha linajaa na ng'ombe wetu na wa majirani wanakunywa hapo. Kiangazi kikikaza linabaki tope, halafu nyufa, halafu vumbi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, kwa hivyo mwenye sauti pale ni baba mdogo, ambaye amejenga nyumba yake ya mabati upande wa juu, kwenye mteremko.

Nilianza na maji ya silanga, nikaenda kwa tope, nikaenda kwa udongo wa chini ya mgunga, hata ule wa mlangoni pa zizi. Kila mahali walikuwepo. Udongo ambao mkononi unaona umekauka uko na ngozi nyembamba ya maji kuzunguka kila chembe, na ngozi hiyo kwao ni uwanja wa mpira. Nikachukua vumbi la nyufa, nikalitia kwa kifuniko cha kopo na maji ya mvua, nikalifunika. Baada ya siku chache kulikuwa na watu. Kumbe maji yakiisha wengi wao hujikunja mviringo, wanajijengea gamba gumu, wanalala ndani. Hawafi. Wanangoja. Mtu akipita anasema hii silanga imekufa, na iko na umma mzima chini ya kiatu chake.

Nikaanza kuwagawa. Sikufundishwa, lakini mimi ni mtoto wa watu wa ng'ombe, na kwetu hakuna mtu anasema "ng'ombe" akanyamaza hapo. Ukisema umepoteza ng'ombe utaulizwa ni yupi. Wa madoa ya kifuani au wa tumboni? Pembe zimeangaliana ama zimekosana? Sikio limekatwa vipi? Mama yake ni nani? Mtu asiyeweza kujibu hayo hakupoteza ng'ombe, alikuwa anaota. Sasa mbona amiba awe amiba tu?

Kwa hivyo kwanza nikawagawa kwa nyumba: walio uchi, na walio na nyumba. Kwa walio uchi nikaangalia mwendo. Kuna yule mkubwa wa vidole vinene vingi, anayemiminika kila upande kama hajaamua. Kuna mwembamba kama konokono aliyeacha gamba, hana vidole, yeye mzima ni kidole kimoja, na anaenda mbele kwa mishtuko kama maziwa yanayotaka kufura. Kuna bapa, kama feni, mbele ni angavu kabisa na nyuma ndiko amebeba mizigo yote. Kuna mwenye vimiiba vyembamba mwili mzima, ambaye udongo mkavu anaupenda sana. Na kuna mmoja wa ajabu, ambaye ukimwongezea maji safi anaota mikia miwili na kuogelea, kisha baadaye anairudisha na kutambaa tena kama hajafanya kitu.

Kwa walio na nyumba, kuna anayeishi ndani ya bakuli lililopinduliwa, rangi ya chai ya rangi, lenye tundu katikati kwa chini. Kuna anayetengeneza vigae vyake mwenyewe na kuvipanga kimoja juu ya kingine kama mabati. Na kuna anayeokota chembe za mchanga, anazigandamanisha mpaka zinakuwa chungu, anaingia na kutoa miguu mlangoni.

Nikamwelezea dada mgawo wangu. Hakunicheka. Akasema hata watu wa sayansi wamegombana juu ya hilo. Zamani waliwaweka wote kwa zizi moja kwa sababu wote wanatembea kwa kujimimina. Baadaye walipochunguza ukoo ndani ya chembe zenyewe, wakakuta wengine hawajuani kabisa, wako mbali kuliko sisi na uyoga. Mwendo ule ni ufundi ambao koo nyingi zimejifunza, kila moja kivyake. Nikasema ni kama shuka. Siku hizi hata watalii wanavaa shuka, na haiwafanyi kuwa Wamaasai. Akasema ndiyo, na sasa nikaoshe vioo.

Sasa nije kwa baba mdogo. Si mtu mbaya, na ningetaka hilo lijulikane kabla ya mengine. Ana binti, kitindamimba wake, mtoto wa kucheka na kila mtu, ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua karibu kila baada ya mvua. Akipelekwa mjini anarudi na vidonge vya amiba. Anapona, mvua inanyesha, anaanza tena, anakonda mpaka shingo inakuwa kama ya ndama aliyenyimwa maziwa. Baba mdogo alimbeba mgongoni, mwanamume mzima, mbele ya vijana wenzangu, na hakujali nani anaona. Hofu yake ilikuwa ya kweli.

Hapo ndipo akatokea mtu wa Kitengela aliyetaka kununua ile kona yenye silanga. Angeijaza kwa maramu, ule udongo wa kokoto wa barabarani, na kujenga vyumba vya kukodisha. Baba mdogo akaona Mungu amejibu maombi mawili kwa mara moja: kona inauzwa, anachimba kisima cha mashine, na ule ugonjwa unazikwa chini ya maramu. Koko akamuuliza ng'ombe watakunywa nini mpaka hicho kisima kichimbwe. Akamuuliza tena, kisima kikichimbwa, nani amesema hakitatoa maji ya chumvi kama ya jirani, yale yanayowapaka watoto meno rangi ya majani chai. Bila koko kuitikia mbele ya bodi ya ardhi hakuna kitu kingepita, kwa hivyo baba mdogo akaita wazee wa ukoo waje wamsemeshe. Na neno lake lilikuwa moja tu: silanga ni ya amiba.

Ni kama mtu aseme atachoma zizi kwa sababu ndani kuna ng'ombe.

Wikendi kabla ya mkutano nilimkalisha koko mbele ya hadubini. Alikataa kwanza. Alisema macho yake ni ya kuhesabu mbuzi, si ya kuchungulia kwa bomba. Nikageuza kile kioo mpaka kikanasa jua vizuri, nikamshika bega, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, shanga za masikio zikigonga chuma. Alikuwa amempata yule wa chungu cha mchanga.

"Nyumba ya huyu amejengewa na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia amejijengea mwenyewe, chembe moja moja.

"Basi ni mwanamke."

Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke, na koko alijenga yake kwa mikono hiyo hiyo aliyoshika goti langu. Lakini mimi na ujuaji wangu nikamweleza kwamba hawa hawana mume wala mke, mmoja hugawanyika wakawa wawili basi. Akauliza sasa wakigawanyika, nyumba inabaki kwa nani? Nikamwambia nilichosikia kwa dada: kabla ya kugawanyika huwa anameza mchanga na kuuweka akiba ndani, na yule mpya anapotokeza mlangoni, mchanga unatoka naye, anatokea akiwa na nyumba yake tayari.

Koko akainua uso akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nimesema ni mwanamke," akasema, akainama tena.

Jumatatu nilipeleka chupa ya maji ya silanga kwa dada. Aliangalia tone baada ya tone. Alisema kuna wakazi wengi na wengi wana adabu, na yule mbaya hajamwona, lakini kutomwona si kusema hayuko. Akaniambia hata tumboni mwa mtu kuna amiba wanaofanana kama mapacha, mmoja anakula mabaki tu na mwingine anatoboa utumbo, na wanaoandikia watu vidonge bila kupima hawajui wamempata yupi. Kisha akatoa iliki mdomoni, na hiyo kwake ni dalili ya jambo zito.

"Yule mbaya haishi kwa matope," akasema. "Anaishi kwa utumbo wa mtu. Anatoka na choo akiwa amejifunga kwa gamba, anangoja mtu mwingine amnywe. Sasa niambie, walaal. Choo cha kwenu kiko wapi?"

Nilikuwa nakiona. Choo cha baba mdogo kiko juu ya silanga, pale kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake ya mabati. Kilipochimbwa, mtaimbo uligonga mwamba mapema na fundi akaachia hapo hapo, kwa hivyo ni kifupi. Mvua ikija maji hupita pale, yanateremka, yanaingia silanga. Na yule mtoto huchota kikombe chake pale pale kingoni mwa maji, akicheza.

Mtu wa mbali atasema basi si ungesema tu. Hajui kwetu. Kwetu kijana hataji haja ya baba yake. Mzee akiinuka akaelekea kule, anaenda kuangalia mbuzi, na ni lazima uamini kuna mbuzi. Wakwe wakiwa karibu hata mbuzi hatajwi. Kila mtu mzima wa lile boma alijua choo kiko wapi na maji yanapita wapi, wana macho, na hakuna aliyewahi kuliweka mdomoni. Ilikuwa rahisi zaidi kulaumu silanga. Maji hayana mkwe wa kuonea haya.

Nilimwambia koko peke yake, nikizungukazunguka maneno kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Alielewa kabla sijamaliza. Akafunga shuka yake vizuri, akasema, "Hilo neno halina mdomo hapa," akaenda kukamua.

Mkutano ulikuwa kwa sebule ya baba mdogo, mchana, makochi yenye vitambaa vya kushona, chai ya maziwa kwa vikombe vya wageni. Walikuja wazee wawili. Mmoja ni mzee wa ukoo wetu, mwenye simu aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya shanga. Wa pili ni baba mkwe wa baba mdogo, baba ya mke wake, ametoka Kimuka, mtu wa heshima na kofia. Nikainamisha kichwa kwa kila mmoja akanigusa, nikakaa kwa kigoda karibu na koko. Baba mdogo aliongea vizuri. Aliongea juu ya mtoto mpaka mimi mwenyewe nikataka kumpa silanga, na nyumba, na hadubini. Akamaliza kwa kusema hakuna mtu mwenye akili anaacha shimo la amiba mbele ya mlango wake.

Koko akasema kijana aongee, ndiye amekaa na hao amiba.

Nikasimama. Nikaanza na mgawo wangu, wa uchi na wa nyumba, wa vidole na wa miiba. Nikasema wengi wanakula bakteria na kurudisha mbolea kwa udongo, na majani wanayokula ng'ombe yana mkono wao ndani. Mzee wa ukoo aliupenda mgawo, akauliza kama kuna wa madoa. Baba mdogo akacheka.

"Profesa wa matope," akasema. "Acha hadithi. Unaweza kuapa mbele ya wazee kwamba ndani ya hiyo maji hakuna hata mmoja wa kuua mtoto?"

Sikuweza. Dada alikuwa ameniambia kwamba hata kati ya wale wanaoishi huru kuna wachache ambao, mara chache sana, huingia kwa mtu kupitia pua au jicho na kumdhuru vibaya. Ningesema uongo, ningekuwa nimewauza wote. Nikasema siwezi kuapa.

Baba mdogo akapiga magoti yake kwa viganja, akawageukia wazee, kama mtu aliyemaliza kula. Baba mkwe akatikisa kichwa polepole kukubali. Nikaona silanga ikijaa maramu pale pale mbele yangu, lori baada ya lori, na koko, kwa magoti yake ya uzee, akitembea na ng'ombe kufuata maji ya kununua. Kitu kikanipanda kutoka tumboni, na safari hii haikuwa amiba.

"Baba mdogo," nikasema, "huyo anayemgonjwesha mtoto hakuzaliwa kwa silanga. Anateremka na mvua. Anatoka kwa choo yako."

Baba mkwe aliweka kikombe chini na kuanza kusoma kalenda ya ukutani, ambayo ilikuwa ya mwaka uliopita. Mke wa baba mdogo alikuwa mlangoni na birika. Aligeuka akatoka nje, na nikamsikia akikohoa nyuma ya tangi, kikohozi kirefu sana kwa mtu ambaye hakuwa na kikohozi. Baba mdogo hakunitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na niliumia kuuona, kwa sababu nampenda.

Mzee wa ukoo akasema kwamba kama ni kweli au si kweli yeye hajui, lakini mdomo wa kijana ukiingia mahali kama pale hulipa. Nitaleta kondoo jike aliyenona. Na nitarudisha lile neno, hapo hapo, mbele ya mkwe wa watu.

Nikamgeukia mzee wa ukoo.

"Kondoo nitaleta, baba," nikasema. "Neno silirudishi."

Akaniambia nimekosa adabu. Nikasema ndiyo. Akaniambia baba yangu angekuwa hai angeaibika. Hapo machozi yalinitoka, siwezi kudanganya, mimi hulia upesi, lakini nikabaki nimesimama. Nikasema mtoto ni wetu sisi wote, na mtoto akiendelea kukonda kwa sababu sisi tunaona haya, hiyo haya ni ya nani?

Ndipo koko akainuka. Koko haongei sana kwenye mikutano ya wanaume. Hungoja wamalize halafu hufanya anavyotaka. Safari hii alimwangalia mwanawe tu, kama wako wawili.

"Ng'ombe mmoja akinipiga teke siuzi zizi," akasema. "Naita mwenye ng'ombe aje amfunge kamba. Siitikii mbele ya bodi, na siitikii hapa. Kunyweni chai."

Akatoka. Na ndivyo ilivyoisha, kwa sababu bila yeye hakukuwa na kitu cha kuisha namna ingine. Mtu wa Kitengela alipiga simu mara kadhaa, kisha nikasikia amepata ploti kwingine.

Dada nilipomsimulia alicheka mpaka akameza iliki. Halafu akanikaripia kweli kweli. Akasema nisianze kuifanya silanga kuwa takatifu, niwaambie wachemshe maji, hasa ya mtoto, na wazungushie miti ya miiba sehemu ambayo mtoto anachota, na hao rafiki zangu wa kujimimina nao si malaika. Nikapeleka ujumbe. Koko alipinga kwa siku nzima, akisema yeye amekunywa maji hayo tangu aolewe, kisha akaanza kuchemsha, na sasa anawakaripia wengine kana kwamba ni yeye aliyegundua moto. Kondoo nilimpeleka. Wazee walimla wakamsifu.

Baba mdogo hakunisemesha. Nikija wikendi anaitikia salamu kwa shavu moja. Vijana wenzangu walinipa jina ambalo siwezi kuliandika hapa, linahusu choo, na wakinikuta stejini Kitengela huniuliza kama nimetumwa na wizara. Nawajibu ndiyo, na nitafika kwao kesho. Nilikuwa nimeamua kwamba kama bei ya lile neno ni hiyo, ni neno zuri, nalipa.

Halafu Jumamosi moja, jua likiwa katikati, nilisikia chuma kikigonga mwamba. Nikafuata sauti, nikapita silanga, nikashuka chini yake kabisa, upande ambao maji yakitoka yanaenda mbali na sisi. Baba mdogo alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, bila shati, anainua mtaimbo na kuuangusha. Pembeni kulikuwa na lundo la mawe ya kuvunjwa kwa shida. Nilikaa kingoni. Hakuniangalia.

"Mimi sijakubali kitu," akasema. "Ile ingine imejaa."

Nikasema sawa baba mdogo.

"Na usisimame hapo kama serikali. Shika koleo."

Nikavua viatu nikaruka ndani. Tulichimba, yeye anavunja, mimi natoa, na mwamba ulikuwa mgumu kama moyo wa mtu anayekudai. Baada ya muda tukafikia mahali ambapo udongo ulikuwa na unyevu kidogo, mweusi, wa harufu ya mvua ya zamani. Baba mdogo akauchukua kiganjani, akausugua kwa kidole gumba.

"Na hapa wako?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla ya mkutano.

"Wako."

"Wa aina gani?"

"Bila kuangalia sijui. Labda wa miiba. Wengi watakuwa wamelala."

Akautazama ule udongo tena, kisha akaumwaga taratibu nje ya shimo, upande wa kivuli, mahali ambapo koleo langu halikufika. Akatema mate kwa viganja, akashika mtaimbo.

"Waambie wasogee," akasema. "Tunaenda chini."